Chai Uliyowapa Wengine

Peres wangu,

Jana Meneja alinithibitisha kwenye kiti chako. Sasa mimi ndiye sekretari wake, kwa barua yenye muhuri, na bado tarishi akileta faili anauliza kama aiweke "kwa meza ya Peres." Ulikufa kabla ya mvua za masika, lakini ofisi hii ni yako tu. Nimechoka nawe.

Usicheke. Wivu wangu hukuanza kuuona leo. Kule chuo cha uhazili, tukipiga taipu huku vidole vimefunikwa kwa kitambaa, nani alikuwa anamaliza ukurasa kwanza? Mimi. Nani hati mkato yake ilikuwa haisomeki hata na yeye mwenyewe? Wewe! Ulikuwa unarudi nayo chumbani kwetu Migosi, nakusaidia kukisia ulichoandika huku tunakula samaki mbuta wa kukaanga. Halafu tukaajiriwa pamoja hapa, kwenye kampuni ya malori ya kubeba miwa ya Muhoroni, na Meneja alipotaka mtu wa kukaa mlangoni pake akakuchagua wewe. Mimi nikabaki chumba cha nyuma na karatasi za kaboni. Niliumia, Peres. Nilikupongeza, kisha nikaenda msalani kulia.

Mambo yamebadilika. Imeletwa kompyuta, ina chumba chake chenye zulia, na kuingia lazima uvue viatu kama msikitini. Nimeshajifunza kuandika barua humo, tena haraka. Lakini Meneja aliponiweka kwenye kiti chako kwa majaribio, kila siku ilikuwa Peres alinikumbusha kabla sijauliza, Peres alijua mgeni gani apewe kiti na nani aambiwe nimetoka. Akasema wazi kwamba nikishindwa ataleta mtu kutoka nje. Kazi hii nimeitamani miaka yote, unajua, na aliyekuwa ananishinda hata hayupo.

Basi wiki iliyopita simu ikalia. Ni mtu wa kwao Ouma, yule dereva mrefu. Mama yake amefariki. Ouma mwenyewe yuko uani, injini inanguruma, anataka kutoka. Chuoni tulifundishwa kuandika jina la aliyepiga, saa na ujumbe, kisha kumpa mhusika mara moja. Nikachukua kalamu. Halafu nikakukumbuka.

Siku zote nilidhani unajipendekeza kwa watu na chai yako. Simu ya msiba ikija, ulikuwa unarudisha mkono wa simu polepole, uso haubadiliki. Unatuma mtu akachukue ufunguo wa gari kwa kisingizio cha tairi. Unamtafuta mtu wa kwao akae karibu, ndipo unamwita mwenyewe. Chai, sukari nyingi, habari za nyumbani. Neno lenyewe hukulitamka kamwe, ulimsubiri mfiwa alifikie kwa miguu yake.

Nikafanya vyote hivyo. Hata sauti niliazima yako.

"Mzee Ouma, kunywa kwanza, hiyo miwa haitakimbia. Mama uliacha yeye namna gani?"

Akanywa. Akasema mama alikuwa anasumbuliwa na kifua. Nikamwambia nyumbani wanamtaka aende leo. Akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"Kwani ameenda?"

Nikamshika mkono. Alilia sana. Alipotulia akajifuta uso kwa kofia yake, akasema, "Ero kamano, Peres." Ananishukuru, kwa jina lako! Ningefanya nini? Nilisema, "Haya, Mzee." Meneja alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, na nadhani ndicho kilichonipa ile barua ya jana.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nimekaa hapa moyo unaniuma, na si ule wivu wa zamani. Siku uliyokufa, simu ilikuja kwenye meza hii hii. Ulikuwa umelazwa, nami nilikuwa nakushikia tu kiti mpaka urudi. Nikainua, nikataja jina la kampuni vizuri, na shemeji yako akasema, "Ambia Meneja Peres amekufa asubuhi." Akakata. Hakujua anaongea na mimi. Hakuna aliyeniitia mtu wa kwetu, hakuna aliyeniuliza nilikuacha namna gani. Nilisimama nikaenda kumwambia Meneja kwa sauti ya kazi, kisha nikarudi kupokea simu nyingine.

Kwa hiyo Ouma namwonea wivu. Mlinzi wa geti namwonea wivu, na karani wa mishahara, na wote uliowanywesha chai yako. Siku mbaya kuliko zote maishani mwao walikuwa na wewe, hata Ouma, kupitia kwangu. Yangu ilikuwa ya kukupoteza wewe, na wewe hukuwepo kuniambia taratibu. Rafiki gani anafanya hivyo, Peres?

Sitaki majibu. Mungu akurehemu, mwenzangu, upumzike huko kwenu ulipolazwa. Nakuahidi kwamba maadamu nimekaa hapa, hakuna mtu atakayeipokea habari ya msiba wake kavukavu kama nilivyoipokea mimi. Birika liko tayari. Na wakiniita Peres nitaitika, kwa shingo upande, lakini nitaitika.

Mimi rafiki yako,
Zuhura