Mjomba Aliyesifia Magurudumu ya Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana Ijumaa haiko mbali na mdomo wangu umeniponza.

Mimi ni mtu mzima, mvi zimeanza kunipigia hodi, shule niliiacha darasa la sita baada ya mwalimu kuona sina jipya la kujifunza, na katika ukoo wetu hakuna anayenunua hata baiskeli bila kuniuliza, kwa sababu miaka ishirini sasa nawasimulia jinsi nilivyopandisha lori la mbao kwenye mlima wa tope, tope linagusa kioo cha mbele, chui wawili wamerukia juu ya mzigo kujiokoa, nami naendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai, na wala haikumwagika. Kila mara namalizia hivi: lori lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, haya magari ya magurudumu yote manne kuvuta ni ya waoga.

Sasa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mkunga, amehamishiwa zahanati iliyo juu ya kilima, barabara ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha hata mbuzi wanashuka kwa makalio, na yeye ndiye atakayewapeleka hospitali kubwa kina mama ambao uzazi umewawia mgumu. Wakubwa wake wamempa achague kati ya magari mawili, yote yameinuka sawasawa, moja linasukumwa na magurudumu ya nyuma, jingine yanavuta yote manne, Ijumaa atie saini. Akaja sebuleni kwangu, dada yupo, shemeji yupo, akasema, "Mjomba, nimechagua la nyuma. Wewe ulipita kwenye tope la chui, mimi nitashindwa na kilima?" Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini chai ilinipalia.

Maana ukweli ambao hata mke wangu haujui ni kwamba lile lori sikuliendesha hata siku moja, nilikuwa utingo, dereva akipanda mimi natembea nyuma kwa miguu nimekumbatia jiwe, magurudumu yakianza kuteleza naliwekea lori jiwe lisirudi, na siku ile ya tope tulivutwa na trekta. Chui nao walikuwa paka. Nikisema, nitakuwa kichekesho cha ukoo. Nisiposema, yule mtoto atapanda kilima kwa uongo wangu. Nifanyeje?

Mjomba wa Tope

*

Mjomba wa Tope,

Pole, na aibu kwako pia. Chui nimekusamehe, hawakumdhuru mtu. Lakini hilo la waoga ulimwambia binti anayekuamini, na sasa analipeleka kilimani akiwa na mama mjamzito kiti cha nyuma. Unaogopa kuchekwa? Chekwa. Kicheko cha ndugu huisha chakula kikiletwa.

Ila umeniandikia jambo kubwa ukidhani ni la aibu. Dereva alikuwa anatazama mbele. Wewe ndiye uliyetembea nyuma ya yale magurudumu. Nani katika ukoo huo anajua kuliko wewe jinsi ya nyuma yanavyozunguka bure kwenye utelezi, na ya mbele yametulia tu kama wageni? Hicho ndicho mpwa wako anachokihitaji, si kikombe chako cha chai.

Leo, si kesho, mwite hapo hapo sebuleni, dada na shemeji wakiwepo, maana uongo waliusikia nao. Msimulie jiwe na trekta. Mwambie achukue la magurudumu manne. Kwenye lami kavu la nyuma lingemtosha, tena halili mafuta sana, lakini yeye hakuhamishiwa kwenye lami. Na asijisahau: manne yanasaidia kupanda, hayasaidii kufunga breki. Kushuka ni polepole, gia ndogo, matairi yenye meno.

Halafu siku ya kwanza ya mvua, panda naye. Beba na jiwe lako. Nadhani halitatumika, ila mpwa wako anastahili kuona mjomba wake alifanya kazi gani.