Kinga ya Mutheu Haikupungua

Hospitalini, mjini Wote, Jumatatu

Baba Mutheu, mtoto wetu hatapona. Madaktari wamesema, na mimi nimeona kwa macho yangu. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa nakusalimu, mume wangu. Mguu unaendeleaje? Na yule mbuzi mweusi ameshazaa? Mimi mwili uko sawa. Nalala kwa mama mmoja wa kanisa hapa karibu na hospitali, ananipa chai na kitanda, na hataki hata nioshe kikombe.

Naandika kwa sababu kwa simu unanikatia. Juzi nilipotaja ICU ulipiga kelele, "Mwambie ainuke! Mimi siji kuaga mtu anayepumua," halafu ukakata. Basi barua hii nampa shemeji yake Mutheu akuletee mkononi huko Matinyani. Karatasi haina kitufe.

Wacha nikueleze vile ilikuwa. Ilianza na homa ya kawaida, hii ya baridi ya huko Nunguni anakofundisha. Darasa lote lilikuwa linakohoa, na Mutheu akaendelea kufundisha, si unamjua. Mwalimu wa kemia ni yeye, na watoto wake ndio wanaongoza mtihani huko kote. Mkuu wa shule aliniambia mwenyewe hapa koridoni, na sikumuuliza. Siku aliposhindwa kumaliza sentensi mbele ya darasa, mume wake Kioko akamleta hapa. Wakapima, wakasema ni influenza. Wakamwekea mashini ya kupumua.

Nilipofika nilimwambia daktari, "Huyu hajawahi kulala hospitali. Hata kuzaliwa, alizaliwa mkubwa mpaka mkunga akashangaa. Damu ya kwetu ina nguvu." Na ninyi huko mkatuma mwarobaini, tangawizi na ile asali, ya kumwongezea kinga. Daktari ni msichana tu, rika la binti yetu Mwende. Alishika chupa ya mwarobaini, akaiweka chini polepole.

"Mama, kinga yake haikupungua," akasema. "Ndiyo inamuumiza. Sijaona mtu amepigana na homa kama huyu."

"Si nilikuambia!" nikamjibu. Nilijivuna, Baba Mutheu. Hata niligeuka kuangalia wale wengine kwa benchi kama wamesikia.

"Mama," akasema, "keti."

Nikaketi. Akanieleza kwamba kwa damu kuna seli zinaitwa T. Kazi yao ni kutafuta mahali virusi vimejificha ndani ya mwili na kuua hapo hapo, seli ya mwili pamoja na virusi vilivyo ndani yake. Kwa kiasi, hiyo ndiyo hutuponya. Lakini za Mutheu zilitoka kwa damu zikajaa mapafuni, zikaua, zikaua, na hata sasa, virusi vikiwa havionekani tena kwa kipimo, zenyewe hazijaacha.

Nikamuuliza, "Hakuna wa kuziambia 'basi'?"

"Ziko nyingine za kutuliza wenzao. Kwake zimelemewa."

"Na dawa ya kuzituliza?"

"Tumejaribu tulichoweza, mama. Kwa homa hii, zingine zinaweza hata kumzidishia."

Hapo nilielewa, maana mimi ni mke wa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Unakumbuka ule mwaka watu wote wa mwethya walikuja kutoa matope kwa silanga yetu, lile bwawa la mvua, na wewe ulikuwa umeenda Kitui? Walichimba kwa nyimbo, kila mtu anataka kuonyesha nguvu zake, na hakukuwa na wa kusema tosha. Wakapitisha jembe kwa ule udongo mgumu wa chini unaoshika maji. Mvua ikanyesha, silanga ikajaa, na maji yote yakazama. Wale hawakuwa adui. Walikuwa majirani zetu na walikuja kwa kutupenda. Ndivyo mapafu ya mtoto yalivyo sasa. Figo nazo zimelala, na moyo unasukumwa na dawa.

Daktari ameniambia mashini haimponyi tena, inamchelewesha tu. Wanataka tukae kama familia tukubaliane itolewe. Kioko amekataa kutoa neno la kukubali. "Mama," aliniambia, "nitamwachiliaje binti ya mtu na baba yake hajamwona?" Tangu hapo anakaa pale nje na koti lake, hali chakula.

Usiniambie kuja ni kukosa imani. Nimeomba mpaka maneno yakaisha, na Mungu amenyamaza. Mchungaji mmoja hapa aliniambia tungoje muujiza. Nikamwambia angoje yeye, mimi nina mtoto wa kupanguza uso. Masista wa wodi wananiruhusu. Jana nilimsuka nywele upya, na sista mmoja akasema hajaona nywele kama hizo ICU nzima. Nilisema asante. Nilisema ni za shangazi zake, upande wako. Halafu nikatoka nje nikalia mpaka askari wa geti akanipa kiti chake.

Huyo si wa kuagwa na mimi peke yangu. Wewe ndiye ulimbeba mgongoni kumpeleka shule.

Msalimie mama yako, lakini usimsomee haya kabla ndugu yako hajaketi karibu naye. Mwambie Mwende afunge nyumba vizuri, aje na wewe, na aniletee leso yangu ya buluu. Jirani aliyetuma asali mwambie ilifika, na masista wanaishukuru kwa chai yao. Wazee wa kanisa wasalimie, na kama wanataka kuomba, waje waombe hapa.

Madaktari wamekubali kutungoja, ingawa wamesema yeye mwenyewe anaweza kukosa kungoja. Njoo, tafadhali. Hata kama utakuja na hasira, njoo nayo.

Ni mimi mke wako, mama ya mwalimu Mutheu.

Njooni nyote Alhamisi, asubuhi.