Kipimo cha Seremala

Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai goti limeacha kukusumbua na baridi ya huko imepungua. Baba Mdogo naye anaendeleaje na macho yake? Huku sote wazima. Mama bado anagombana na wapangaji wa chini kuhusu maji ya kufulia, kwa hiyo jua kwamba afya yake ni njema.

Mimi mwili mzima, ila nina hasira, Mama Mdogo. Nisipokumwagia wewe nitammwagia mtu asiyehusika.

Kazi yangu unaijua kijuujuu. Watu wanajitolea kulala ndani ya mashine, tunapiga picha za ubongo, kisha kompyuta inachora mpaka wa lile gamba la juu na kupima unene wake, sehemu baada ya sehemu. Gamba lenyewe jembamba, milimita mbili tatu hivi. Sasa, hapakosi vipimo vinavyojitenga na wenzake, vinene mno au vyembamba mno. Mtu mwenye akili hufungua picha aone kulikoni. Huenda aliyepimwa alitikisa kichwa. Huenda kompyuta imeuparamia utando wa nje ikauhesabu kuwa ubongo. Na huenda kipimo ni cha kweli.

Mkuu wetu hana muda huo. Tunamwita Bwana Nyoosha, maana anataka grafu inyooke kama shati lililotoka kwa dobi. Aliagiza kila kipimo kilichovuka mstari wake kifutwe, bila kufungua picha hata moja.

Nilizifungua hata hivyo. Mama mmoja alikohoa, picha ikavurugika. Huyo nilikubali atoke. Mwingine mpaka wake ulichorwa ovyo, nikaurekebisha kwa mkono na kipimo kikarudi mahali pake. Wa tatu alikuwa seremala.

Seremala huyo ana maneno! Alipokuja aliniuliza kama picha itamthibitishia mkewe kwamba ubongo upo. Picha yake ilikuwa safi, mpaka umekaa sawasawa, na bado upande wa kushoto palikuwa na kipande cha gamba kinene karibu maradufu. Nikampelekea Bwana Nyoosha.

"Unene huo haupo kwa mtu mwenye afya," akasema, macho kwenye simu. "Toa."

"Na kama hana afya?"

"Hapa ni utafiti, dada, si hospitali. Toa, usinichafulie grafu."

Grafu! Na kila anayejitolea tunamwahidi kwamba tukiona jambo tutamwambia!

Nilibamiza mlango mpaka katibu akaruka kitini. Nikashuka moja kwa moja kwa daktari wa kusoma picha, nikamwekea ile picha kando ya chai yake. Hakuimaliza chai. Alisema sehemu ile yaelekea iliumbika hivyo tangu tumboni mwa mama, na sehemu za namna hiyo huweza kuleta kifafa. Tukamwita seremala.

Alikuja na mkewe. Daktari akamuuliza kama kuna nyakati anapotewa na fahamu. Seremala akacheka.

"Naduwaa tu kidogo. Nani haduwai?"

Mkewe hakucheka. Aliushika mkono wa mumewe, akautandaza mezani. Vidole viwili havina ncha.

"Huku ndiko kuduwaa kwake," akasema. "Msumeno unazunguka, yeye ameganda, namwita hasikii."

Nilitamani Bwana Nyoosha awepo auone mkono ule.

Uchunguzi zaidi ulithibitisha kifafa. Ameanza dawa, na msumeno wa umeme amekatazwa mpaka ijulikane hapotewi tena. Nilidhani atanishukuru. Wapi! Alinijia juu pale koridoni: "Nimekuja kuwasaidia, mmeninyang'anya kazi!" Akaondoka zake. Mkewe alibaki nyuma, akaninong'oneza kwamba siku hizi anapika bila kutega sikio karakanani.

Juzi Bwana Nyoosha akatuletea ripoti tutie sahihi. Imeandikwa kwamba vipimo vyote vilivyojitenga vilikuwa makosa ya mashine. Vyote, Mama Mdogo, na mtu ameshaanza kumeza dawa! Nilimwambia mbele ya wenzangu kwamba uongo siutii sahihi. Akasema jina langu litaondolewa. Nikamwambia aliondoe leo leo. Mwenzangu mmoja akaweka kalamu chini. Wengine wakatazama viatu vyao, na hao ndio walionikera kuliko hata yeye.

Nimepeleka malalamiko kwa kamati ya maadili, na kesho tunaitwa, mimi na Bwana Nyoosha. Naogopa, sikufichi. Lakini jana nilimweleza seremala habari za ripoti ile, na leo asubuhi amenipigia simu.

"Sijakusamehe," akasema, "ila kesho nitakuja. Hao wakubwa wanitazame usoni, waseme kama mimi ni kosa la mashine."

Msalimie sana Baba Mdogo, na wadogo zangu wote, hasa kitinda mimba wako anayejifanya hajui kuandika barua. Mwambie wifi mgeni kwamba nina hamu ya kumwona. Mama anakukumbatia. Mungu akupe usingizi mtamu na magoti yasiyouma.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Kiherehere