Kwa Mama Utando, Tuliyemwacha Asimame Peke Yake

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa umeegemea mto, miwani bado usoni. Nyumba haijazoea. Baba hukausha vikombe jinsi ulivyomfundisha, kwa kuvigusagusa na kitambaa bila kusugua, kana kwamba ni ncha za elektrodi zako.

Miaka thelathini na moja uliifanya kazi ambayo sisi wa nyumbani tuliielewa nusunusu. Uliyeyusha plastiki, ukaimimina ndani ya pete ya kioo, ukaiacha ikauke mpaka ikawa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukakata kiduara, ukakigandisha kwenye ncha ya mrija, ukaunganisha na mita; hiyo ndiyo elektrodi, kifaa cha kupimia maji. Ulitueleza kwamba utando ule ni bawabu. Majini kuna umati wa chembe, naye anatakiwa amtambue mmoja tu, nitrati, ile inayoingia visimani kutoka kwenye mbolea na vyoo na kudhuru watoto wachanga. Harusini mtu alipokuuliza unafanya kazi gani, ulijibu, "Naifundisha plastiki ubaguzi." Meza nzima ikacheka, wewe ukaendelea kula.

Wanafunzi walikubandika jina la Mama Utando, nawe ukalipenda kuliko cheo. Mmoja wao akivunja kifaa ulimuuliza kwanza kama amejikata.

Taabu yako ilikuwa chumvi. Bawabu aliidhania nitrati, akawa anahesabu wageni wasiokuwepo. Ulihangaika naye miaka kumi na miwili, hadi ukapata mchanganyiko ulioonekana kuizuia chumvi mlangoni. Ukaandika, ukasifiwa, idara za maji zikaanza kutumia elektrodi zako. Sisi tukatembea vifua mbele kama vile tulizitengeneza wenyewe.

Kisha mwanafunzi wako mmoja akarudia kipimo, jibu likakataa. Ulidhani ni mikono yake. Ukarudia mwenyewe siku tatu mfululizo. Siku ya nne ukafukua daftari la zamani, ukakuta kwa mwandiko wako: chumvi, gramu sifuri nukta tano nane katika lita moja. Ilitakiwa tano nukta nane. Nukta ilikaa mahali pasipo pake. Maji ya chumvi uliyoujaribia utando wako yalikuwa hafifu mara kumi, na majaribio yote yalitoka kwenye chupa ileile. Bawabu hakuwahi kujaribiwa sawasawa.

Ulituambia jioni hiyo mezani. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa binti yako mkubwa, mwalimu mkuu. Miezi mitatu mbele chuo kilikuwa kikupe uprofesa, na yeye alikwisha kuwatangazia walimu wenzake wote.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na mwanafunzi wangu. Na daftari."

"Basi ngoja upewe heshima yako kwanza, Mama. Halafu utasema polepole."

"Nikishaipokea nitakuwa nimeiiba."

"Ni nukta tu."

"Nimeuliza idara ya maji, mwanangu. Kuna kisima chenye maji ya chumvichumvi kimefungwa kwa ajili ya nukta hiyo. Chumvi yake ilihesabiwa kuwa nitrati. Watu wanabeba ndoo kutoka mbali, na kisima chao hakikuwa na kasoro."

Binti yako alisema umechoka, ukalale, utaona mambo vizuri kesho. Alikuwa akisema nawe kwa sauti anayowasemeshea watoto wa darasa la kwanza. Sisi wengine tuliangalia sahani zetu.

Hukubadilika. Ukaandikia jarida, ukaitisha mkutano wa wazi chuoni, ukatuomba tuje. "Mkae tu nyuma," ulisema, "nikitetemeka niwaone." Baba akasema goti linamsumbua. Kijana wako, fundi umeme, akazima simu. Binti yako akakuambia shuleni wanakuja wakaguzi. Hapakuwa na mkaguzi yeyote, Mama. Alikaa ofisini kwake na mlango umefungwa, akipanga upya ratiba ambayo ilikwisha kupangwa, mpaka saa kumi alasiri. Yeye ambaye kila Jumatatu huwahimiza wanafunzi wakubali makosa yao mbele ya wenzao, alikuwa anakuonea aibu.

Ulirudi na begi lako begani, ukatuuliza kama tumekula.

Uprofesa uliahirishwa, kisha ukawa hautajwi. Nawe ukarudi maabara kupambana na chumvi upya. Ulipotutoka miezi kumi na mmoja baadaye, bawabu alikuwa bado anakosea, ila kidogo kuliko zamani. Katika miezi yote hiyo hukutulaumu hata kwa jicho. Binti yako alijiambia kwamba hukulijali lile jambo. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo.

Wiki mbili baada ya mazishi alikuja fundi wa maabara yako, katuletea nyumbani koti lako jeupe na birika. Binti yako alikuwa amebeba sinia la chai. Fundi akaanza kusimulia siku ile ya mkutano, akidhani tunaijua.

"Tulichelewa kuanza," alisema. "Ukumbi ulijaa, lakini alituambia tungoje kidogo, watu wake wako njiani. Tukangoja robo saa nzima. Kila mlango ukifunguka anageuka. Mwishowe akasema, 'Huenda kuna foleni,' akaanza."

Hatukuwa njiani, Mama.

Fundi akaendelea. Ulisoma kosa lako neno kwa neno, na jina la mwanafunzi hukulitaja ila kumshukuru. Ulipomaliza, bwana mmoja wa idara ya maji aliinuka kule nyuma, akasema miaka miwili alikuwa akipata vipimo visivyoeleweka kwa elektrodi zako, akaamini mikono yake ndiyo mibovu, na karibu aache kazi. Ulishuka jukwaani ukaenda kumshika mikono hiyo.

"Kwani hamkuambiwa?" fundi akauliza.

Binti yako aliweka sinia chini, akatoka nje bila kumuaga mgeni. Mazishini hakutoa chozi, watu wakamsifu kwa ujasiri. Siku hiyo alilia ameshika ukuta.

Mwezi uliopita alimchukua Baba wakaenda kukiona kile kisima. Kimefunguliwa. Walikuta mama mmoja anajaza ndoo, mtu mzima wa umri wako.

"Hiki kilifungwa zamani," aliwaambia. "Walidai maji mabaya, kumbe kipimo ndicho kilichokosea."

"Aliyekosea kipimo ni mama yangu," binti yako akasema. "Na aliyesema amekosea ni yeye mwenyewe."

Yule mama akageuka kumtazama. "Angenyamaza, tungekuwa bado tunatembea."

"Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Baba aliinamisha uso. Yule mama alizungusha kitambaa akakiweka kichwani, akasema, "Nishikie ndoo nijitwishe." Binti yako akachuchumaa, akaishika kwa mikono miwili, wakainyanyua pamoja. Maji yakammwagikia kifuani. Akabaki amesimama pale, amelowa, akimwangalia yule mama akiondoka kuelekea nyumba iliyo karibu kabisa, hata hatua mia hazifiki.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako mkubwa na mkwe wako, kijana wako fundi umeme, wajukuu zako wawili, ambao tumewasimulia yote haya bila kuficha, dada yako, na wanafunzi wako wote.

Siku zote utakuwa nasi, Mama. Utusamehe.