Bomba la Chuma Kando ya Kitanda cha Baba

Mamba, Upare,
S.L.P. Same.
20 Novemba 1955

Mpendwa ndugu yangu Elifasi,

Pokea salamu za huku mlimani. U hali gani huko Mombasa, na wifi yangu Dorkas je, na watoto? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mimi nimechoka, na safari hii sitakuficha. Baba yu vilevile: upande wa kushoto hauna nguvu, kula alishwe, kugeuka ageuzwe.

Redio yako ilifika salama. Baba aliifurahia hata akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Lakini ilikuwa inakoroma kuliko kusema. Uliandika kwamba waya mmoja uende juu mtini, wa pili ufungwe kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini. Bomba hilo ndilo lililotuponza.

Baba mdogo Simeoni, unamjua, alikataa katakata lisikae nje. Alisema chuma kikilala nje siku mbili kitaamkia kwa mhunzi, kiwe jembe la mtu. Akalichimbia ndani, kando ya kitanda cha Baba, pale yalipokuwa mafiga ya marehemu Mama. Udongo wa pale umekaushwa na moto miaka thelathini. Nami, Mungu anisamehe, nilikubali, maana nilitaka tu nikapumzike.

Alhamisi mvua ya vuli ilishuka na radi. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Radi ikapiga mti wa jirani, na waya wetu ukapata sehemu yake. Nilipoingia ndani, cheche za lile bomba zilikwisha rukia blanketi la Baba, naye macho yamemtoka, hawezi hata kupiga kelele. Nilizima kwa mikono. Ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya.

Nilimwita Yahaya, fundi wa redio wa Same. Aliitengeneza redio huku akinigombeza: "Dada, mmeikaribisha radi ndani mkaitandikia na kitanda! Chuma hiki kinataka nje, penye udongo mbichi. Na wingu likifunga, chomoa nyaya redioni, uziunganishe huko huko nje."

Udongo mbichi nitautoa wapi mvua ikikatika? Maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, tunapewa kwa zamu, na wazee wa bwawa hawatoi zamu ya kumwagilia chuma. Kuna mahali pamoja tu pasipokauka, nyuma ya nyumba, ninapomwogesha Baba na kufua nguo zake kila siku. Tukalichimbia hapo. Simeoni mwenyewe ndiye aliyeshika jembe.

Sasa redio inasikika wazi. Baba akitaka kusikiliza hutunyamazisha wote. Jana, habari zilipokwisha, aliniuliza kwa ulimi wake mzito, "Elifasi atasema lini?"

Kumbe ndivyo alivyofikiri siku zote hizi, kwamba uliituma ili useme naye. Nilimjibu, "Kesho, Baba." Nimemdanganya kwa ajili yako, Elifasi, na kesho yenyewe ni leo. Betri mpya ya redio usitume. Njoo.

Baba mdogo Simeoni anakusalimu, na shangazi Eliwaza pia. Mwambie Dorkas nampenda. Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Yudith