Mwimbaji Aliyebaki Stesheni

Salome wangu,

Natumaini hasira zimepoa huko kwa mama yako. Hapa Bwera mvua imenifungia hotelini kwa Mama Kavira, Mkongo anayepika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, tamu kupita kiasi. Leo gramafoni yake ilipiga ile santuri uipendayo, ya Mmarekani wa kofia pana na gitaa. Mama akasema, "Huyu mutu iko nalilia ngombe yake." Nikawaeleza walaji kisa chenyewe: mkewe alinuna akapanda treni kwenda kwao, naye kabaki stesheni akiimba. Mama akashangaa, "Sasa treni haibebake banaume?" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka, kisha nikamwomba Mama karatasi nikuandikie.

Kesho nakwenda Kasese kukata tiketi ya treni. Mwambie mama yako aongeze kikombe cha chai. Kuimba mimi siwezi.

Mumeo, Yohana