Midomo Mitatu Nyumbani kwa Doreen

Klipvlei, Cape Town
9 Mei 1998

Kwa kaka yangu mpendwa, Boeta Igsaan,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute salama huko Toronto, wewe na wifi na watoto. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba baridi inakuja. Alhamdulillahi kwa yote.

Sadaka ya msikiti wenu ilifika. Tumenunua dengu, shayiri na mifupa, na Jumatano, siku ya chungu cha mtaa, tulijaza masufuria mawili. Doreen bado anakoroga nami, mwaka wa sita huu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwita Askofu, kwa kuwa Mkristo yule husali hata kabla ya kumenya kitunguu? Hajabadilika.

Sasa nikueleze ya Jumatano hiyo. Saa saba mchana, foleni imefika mpaka dukani kwa Gadija, vijana wa genge la Farasi na wale wa Nyota wakaanza kupigana risasi. Watoto wakalala chini, makopo ya aiskrimu wanayochukulia supu wameyaweka vichwani, kana kwamba plastiki itawakinga. Risasi moja ikapita kwenye sufuria kubwa, ikaingia huku ikatokea kule. Supu ikaruka pande zote mbili kama bomba lililopasuka. Doreen akachomeka karoti huku, na karoti kule, akaendelea kupakua. Akaniambia, "Dila, inuka. Ukifa utafia hapa hapa, lakini upawa ushike."

Mzee Boltman alikuwa wa nne kwenye foleni. Yeye hakuinuka. Risasi ilimpata shingoni. Tulimfunika kwa kitambaa cha meza, na watu wakasogea nyuma ya ukuta wakala. Usituhukumu, kaka. Kesho yake hakukuwa na chungu.

Ndiyo sababu naandika. Chungu ni siku mbili tu kwa wiki. Tungepata mchele, unga na samaki wa makopo, watu wangebeba nyumbani kwa siku nyingine. Waulize wazee wa msikiti.

Mdogo wako,
Faldiela

---

Toronto
2 Juni 1998

Kwa dada yangu Dila,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo. Watoto wanakua, Kiafrikana wanakisahau, nami nazeeka.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati baada ya sala ya Ijumaa. Mtu mmoja alilia. Wamekubali kujaza ghala lako majira yote ya baridi. Lakini wanataka orodha: jina la kila mwenye nyumba, namba ya mlango, na midomo mingapi inakula humo. Chakula kitagawiwa kwa idadi ya midomo. Si kwamba hawakuamini. Huku sadaka bila karatasi haitembei.

Kazi yenyewe ni ndogo. Wewe uliacha shule mapema, lakini mwandiko wako mwalimu alikuwa akiubandika ukutani.

Msalimie Askofu.

Kaka yako,
Igsaan

---

Klipvlei
27 Juni 1998

Kwa Boeta Igsaan,

Assalamu alaykum. Hali zetu ni za mvua na kikohozi, lakini tunashukuru. Na nyinyi je?

Ghala limejaa. Chumba alichokuwa akilala marehemu mama sasa kina mchele mpaka dirishani. Nilinunua kitabu chenye jalada gumu nikakaa getini siku tatu nikiandika. Watu walinichekea. "Anti Dila amekuwa serikali," wanasema. Mmoja akadai midomo tisa. Nikamwambia, "Nyumbani kwako nawajua sita." Akasema, "Na mbwa watatu, Anti. Nao ni viumbe wa Mungu."

Nilipomaliza kuandika, hata Tappie, mkubwa wa Farasi, alikuja na magunia mawili ya viazi. Niliona vibaya kupokea kwa mkono wenye damu. Nikamuuliza imamu, akasema viazi havina dhambi, vipikwe. Tappie ni mpole akitaka. Aliniomba kitabu aone nani amesahauliwa ili amletee viazi. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwonyesha kilipo. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema hajapata kuona mwandiko kama huu. Nilifurahi, sitakuficha.

La mwisho ni la siri, usimwambie hata wifi. Doreen anaishi na mama yake kipofu tu, ndivyo mtaa mzima unavyojua. Zamu yake ilipofika aliniinamia sikioni akasema, "Andika watatu, Dila. Nimechoka kumpa sahani yangu." Nikaelewa. Ni Elroy, mwanawe. Aliwahama Farasi mwaka jana nao wakaapa kumuua. Wote tuliamini amekimbilia Port Elizabeth, kumbe yumo kabatini kwa mama yake. Nikaandika watatu, akapata kilo moja zaidi ya mchele. Ungeuona uso wake.

Mdogo wako,
Faldiela

---

Toronto
11 Julai 1998

Dila,

Salamu baadaye. Barua yako nimeipokea leo, nimeisoma mara mbili nimesimama.

Ulimpa Tappie kitabu, na kitabu kina watatu kwa Doreen. Kifiche leo. Mwambie Doreen amtoe mtoto leo, si kesho. Nimepiga simu dukani kwa Gadija tangu asubuhi, inalia tu.

Igsaan

---

Klipvlei
29 Julai 1998

Kwa kaka yangu,

Assalamu alaykum. Sisi tuliobaki tuko hai.

Barua yako ilifika siku ya tisa baada ya mazishi. Simu ya Gadija haifanyi kazi, nyaya ziliibwa.

Walikwenda saa nne asubuhi, siku ya chungu, wakijua Doreen yuko kwangu anamenya viazi. Viazi vya Tappie, kaka. Walikuwa wanne. Bibi kipofu ndiye aliyetusimulia. Waliingia kwa adabu, wakamsalimia, kisha mmoja akauliza, "Bibi, wa tatu yuko wapi?" Akajibu hajui wanachosema. Wakapiga risasi kabati lenyewe, mlango umefungwa, mpaka likaacha kugonga kwa ndani. Halafu wakamtoa wakamburuta kwa miguu kwenye ngazi za ghorofa zote nne, kichwa kikigonga kila kidato, ili mtaa uone.

Tulisikia milio. Doreen akasema, "Leo wameanza mapema," akaendelea kumenya. Kisha mtu akamwita jina kutoka barabarani. Alikwenda na kisu cha viazi mkononi. Nilimkuta ameketi kidato cha mwisho, kichwa cha mwanawe mapajani, anakiokota vipande vipande kwa ncha za vidole na kukirudisha. Hakulia. Baadaye alichukua maji tuliyochemsha kwa ajili ya chungu akaosha ngazi mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie.

Leo, wiki ya tatu tangu kifo, amerudi kukoroga. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Nipumzike na nani?" Anauliza kila siku ni nani aliyewaambia. Anamshuku jirani wa chini, hamsalimii tena. Nami nakoroga pembeni yake, ulimi mzito. Si wewe tu unayeelewa lilikotoka neno lile "wa tatu." Niambie nifanye nini. Wewe ndiye mkubwa wangu.

Faldiela

---

Toronto
15 Agosti 1998

Dada yangu Dila,

Wa alaykum salaam. Mungu amrehemu kijana, ampe mama yake subira. Silali vizuri, maana orodha ilitoka kwangu kabla haijatoka kwako.

Lakini nisikilize. Usimwambie. Ukimwambia hutamfufua Elroy, utavunja chungu, na wale mia na arobaini watakula nini? Mwenyezi Mungu ni Msitiri, nasi tusitiri. Tubu, toa sadaka kwa ajili yake, nyamaza.

Kamati inaomba orodha ya miezi mitatu mingine. Niliwaeleza yaliyotokea. Wamesikitika sana, wamesema basi namba za milango ziachwe, majina yatoshe.

Kaka yako,
Igsaan

---

Klipvlei
20 Septemba 1998

Kwa Boeta Igsaan,

Assalamu alaykum. Natumaini nyote wazima. Unisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilimwambia. Sikuweza, kaka. Alikuwa ananiombea, ndicho kilichonishinda. Alisimama mbele ya sufuria, macho kafumba, akasema, "Bwana, mbariki Dila ambaye hajaniacha." Nikasema, "Doreen, ni mimi. Ni kitabu. Nilimpa Tappie akakisoma."

Alifumbua macho, supu inachemka. Kisha akauliza, "Ulimpa mkononi?"

"Nilimwonyesha kilipo."

"Akakaa akasoma kama gazeti?"

"Ndiyo."

Alichomoa mwiko mkubwa kwenye supu akanipiga nao. Pigo la kwanza begani, supu ya moto ikanimwagikia shingoni. Niliinua mkono nikasikia mfupa ukilia kama kuni. Aliupiga tena pale pale, mkono ule ule wa kuandikia, akiniambia kila pigo, "Watatu. Watatu. Watatu." Foleni nzima ilitazama, hakuna aliyetuamua. Aliacha mwiko ulipokatika. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake.

Kesho yake Tappie alikuja na gunia. Akaona bandeji. "Anti, nani kakufanya hivi? Nitajie jina tu."

"Nilianguka bafuni."

"Anti Dila ni mcha Mungu, haongopi."

"Leo naongopa," nikasema, "na viazi vyako rudi navyo." Akacheka. Akanitazama kwa muda niliodhani ndio wangu wa mwisho, akamlenga kwa vidole mtoto mmoja wa foleni, akasema "pa," kisha akaondoka. Sijui atarudi lini.

Kitabu nimekichoma chini ya sufuria. Doreen hanisalimii, na sitegemei. Amefungua chungu chake mwenyewe chini ya ngazi zile zile, kila Ijumaa, kwa masufuria ya kuazima. Wiki hii nilipeleka nusu ya dengu zetu, nikaziacha kidatoni nikageuka. Nilipofika getini nikatazama nyuma. Alikuwa anazichambua mawe, kisha akazimwaga chunguni.

Waambie kamati sina orodha wala sitakuwa nayo. Wakitaka kutoa, watoe. Wakitaka kujua waliokula ni akina nani, waje wapange foleni. Na wewe, ukituma chochote chako mwenyewe, nusu yake ni ya chungu kile kingine. Usiniulize cha nani.

Mdogo wako,
Faldiela